Mwanamke Aliyelamba Chumvi ya Ng'ombe

Wenzangu mliobaki kazini,

Siku mliponiaga, mvua ilianza kupiga mabati ya ukumbi nikiwa nimefungua mdomo tu. Hotuba yangu niliisikia mimi na yule kijana wa spika, na sidhani yeye aliisikiliza. Baadaye wengine wenu mkanifuata na sahani za keki mkononi: "Madam Selina, hayo uliyokuwa unasema, si utuandikie?" Basi nimekaa hapa nyumbani, mtaa wa Free Area, mbwa wa jirani wanabweka, naandika. Vyeo sitavitaja. Kila kimoja kilikuja kikiwa kimechelewa, na hakuna aliyeniomba radhi. Nitawaandikia jambo moja lililonifuata miaka yote ya kazi: jinsi mwili unavyojikaza ukipatwa na hofu au ugonjwa, na yanayompata mtu mwili wake ukishindwa kujikaza.

Nilianzia katika hospitali moja mjini Nakuru, idara ya dharura, nikiwa afisa wa kliniki mpya mwenye koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Aliyenipokea ni Bwana Ezekieli, afisa wa kliniki mkongwe, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyevaa sweta ya kijani chini ya koti lake hata jua likiwaka vipi. Alinisalimia, akanionyesha kabati la dawa, na kabla hajanionyesha choo kiko wapi, mlango ulifunguliwa kwa teke.

Mwashi mmoja alikuwa akibomoa dari ya nyumba kuukuu kule mtaa wa Bondeni. Ndani ya dari kulikuwa na nyuki. Wenzake wawili walimleta wakimbeba mabegani, na nyuki kadhaa walikuwa bado ndani ya ovaroli lake. Nyuki hao walipotoka, chumba chote kilihama. Mama mmoja alijifunika kwa karai. Mzee aliyekuwa amefika asubuhi akiegemea fimbo mbili, akiapa kuwa magoti yake yamekufa kabisa, alikuwa wa kwanza kufika uani, na fimbo zote mbili aliziacha kwenye benchi.

Tulibaki sisi, mwashi na nyuki wachache waliochoka. Midomo ya yule mtu ilikuwa imevimba kama imejazwa upepo, na pumzi yake ilitoa sauti ya filimbi.

"Daktari mdogo," Bwana Ezekieli akaniambia bila kupandisha sauti, "ile chupa ndogo ya adrenalini. Nusu mililita. Kwa paja."

Nilivunja chupa ya kwanza ikamwagika yote mkononi mwangu. Mdomo ulikuwa umekauka, moyo unanipiga hadi masikioni. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono akachukua chupa ya pili, akanipa, akasema, "Hii pia ni yako." Hiyo nilifaulu kuivuta na kuidunga. Baada ya muda mfupi filimbi ikaanza kupungua, macho ya mwashi yakaonekana tena, na neno lake la kwanza likawa, "Nyundo yangu iko wapi?"

Tulipokaa kunywa chai, Bwana Ezekieli aliniuliza kama moyo umetulia. Nikasema bado kidogo.

"Unajua ni kwa nini? Ile dawa tumemdunga, wewe umejidunga yako mwenyewe. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Ukiona hatari, mishipa ya fahamu inaiamsha hapo hapo. Inamwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, mapafu yanafunguka, damu inaacha tumbo inaenda miguuni. Umeona yule mzee wa fimbo?"

"Nimemwona."

"Magoti hayakupona. Ni adrenalini. Kesho atalia nayo." Akachovya mandazi kwenye chai. "Lakini adrenalini ni ya dakika chache. Ugonjwa ukikaa siku nyingi, hiyo haitoshi. Kuna nyingine inafanya kazi polepole, bila kelele. Inaitwa kotisoli. Bila hiyo, mtu anaweza kufa kwa homa tu ya kawaida."

Nilijua hayo kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimewahi kuyasikia yakielezwa na mtu anayekula mandazi, na ndiyo maana yalikaa. Alichora kwa kidole juu ya meza, kwa maji ya chai. Ubongoni kuna sehemu inayopokea habari ya taabu. Inaituma tezi iliyo chini yake, ambayo si kubwa kuliko punje ya minji, yaani njegere. Hiyo minji inaachilia homoni ndani ya damu, homoni inashuka mpaka zile kofia za figo, nazo zinatoa kotisoli. Kotisoli inatoa sukari kwenye akiba, inashikilia presha isianguke, inazuia mwili usijiunguze wenyewe unapopigana na ugonjwa. Ikishatosha, inapanda na damu hadi ubongoni kusema basi, imetosha, na ubongo unanyamaza. Asubuhi inakuwa nyingi ndipo tuweze kuamka. Jioni inapungua tulale.

"Na mwili hautofautishi," akamalizia. "Nyuki, homa, mtihani, mama mkwe, vyote unavipokea kwa mlango mmoja."

Nilifanya kazi naye miaka mingi. Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na kilichokuwa na thamani kuliko vyote kilikuwa mashine ya presha ya zebaki, ile ya sanduku refu la chuma. Vijana mnacheka mkiiona, lakini haikuwa na betri ya kuisha. Bwana Ezekieli alikuwa na sharti moja: mgonjwa anayesema anaona giza akisimama, usimpime akiwa ameketi ukaridhika. Mpime amelala, kisha amesimama. "Ugonjwa mwingine unajificha mtu akilala," alisema. Foleni ikiwa ndefu, watu walinung'unika kwamba Selina anawalaza wagonjwa kama yuko gesti.

Miaka hiyo ndiyo niliyojifunza pia kuogopa unga. Alikuja fundi cherehani mmoja akiwa na uso wa mviringo unaong'aa, tumbo kubwa na miguu myembamba kama ya kuku. Alikuwa akinunua unga wa "miti shamba" wa maumivu ya mgongo, na mgongo ulikuwa umepona ajabu. Kisha muuzaji akahama, unga ukaisha, na siku chache baadaye fundi hakuweza kuinuka kitandani, anatapika, presha chini kabisa. Katika ule unga kulikuwa na dawa ya hospitali, jamaa ya kotisoli. Mwili wake ulikuwa umeona kotisoli imejaa kila siku, ubongo ukanyamaza, tezi zikalala usingizi wa pono. Unga ulipokatika ghafla, hakukuwa na mtu wa kuziamsha. Tulimrudishia dawa, tukampunguzia kidogo kidogo kwa miezi, mpaka zikazinduka. Aliponea hapo. Mgongo ulirudi kumuuma, naye akanilaumu mimi.

Halafu nikahamishiwa kituo cha afya karibu na Mau Narok. Bwana Ezekieli alikuwa amestaafu, amerudi kulima Subukia. Mau Narok ni baridi, ngano na viazi. Nilinunua gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kabla ya kununua godoro. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wakulima, watu wa kuja hospitali baada ya kumaliza kuvuna, hata kama mguu umevunjika kabla ya kupanda.

Naomi alikuja mara ya kwanza msimu wa kuchimba viazi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, ameolewa na Joel, mkulima mpole mwenye maneno machache, na walikuwa wakiishi boma moja na mama yake Joel, ambaye kijiji kizima kilimwita Shosho, yaani nyanya. Naomi alisema amechoka. Si kuchoka kwa kazi; alichoka hata kuchana nywele. Alikuwa amekonda, hana hamu ya chakula, tumbo linamsokota. Duka la dawa lilikuwa limemtibu malaria, ingawa kule juu kwenye baridi mbu mwenyewe hukohoa. Kisha likamtibu taifodi, kwa sababu katika nchi hii asiye na malaria ana taifodi. Kisha vidonda vya tumbo.

Nilimpa nilichoweza, nikapima damu, nikamwambia arudi. Aliporudi, Shosho alikuja naye, akiwa ameshika mwavuli kama rungu.

"Daktari, mimi nitasema ukweli kwa sababu hawa watoto wanaona haya. Huyu msichana anakula chumvi ya ng'ombe."

"Mum!" Joel akasema.

"Si anakula? Nimempata mimi mwenyewe kwa boma ya ng'ombe, analamba lile jiwe. Ng'ombe wamesimama wanamwangalia, wanangoja zamu yao."

Naomi aliinamisha kichwa. Nilimuuliza taratibu kama ni kweli. Akasema ndiyo. Akasema ya jikoni haimtoshi tena, anamimina kwa mkono juu ya viazi na bado anasikia hamu, kama mtu mwenye kiu anavyosikia maji.

"Wanasema kanisani amerogwa," Shosho akaongeza. "Na wengine wanasema ana mimba. Na wengine wanasema ni ule ugonjwa, kwa vile amekuwa mweusi."

"Mweusi vipi?"

Joel akatoa simu, akatafuta, akanionyesha picha ya harusi yao. Niliitazama, nikamtazama mkewe. Ningeapa ni dada wawili. Yule wa kwenye picha alikuwa maji ya kunde. Huyu aliyeketi mbele yangu alikuwa kama amepakwa kivuli. Nilimwomba anyooshe mikono. Mistari ya viganja ilikuwa myeusi kama imechorwa kwa makaa. Fizi zilikuwa na mabaka meusi. Kovu dogo la jembe kwenye kidole, la mwaka uleule, lilikuwa jeusi tititi.

Nikamlaza, nikapima presha. Ilikuwa ya chini, lakini ya mtu aliye hai. Nikamsimamisha. Zebaki ikaporomoka, na Naomi akashika meza.

Nataka mjue nilivyojisikia, kwa sababu jambo la namna hii huja mara chache katika maisha ya kazi. Nywele za shingo zilisimama. Kila kitu alichokuwa nacho yule mwanamke kilikuwa kinasema jambo moja. Zile kofia za figo zimekufa. Kotisoli hakuna, kwa hiyo hana nguvu, sukari inashuka, presha haikai. Ile homoni nyingine ya tezi hizo, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo, nayo hakuna, kwa hiyo mwili unaitafuta chumvi hata kwenye boma la ng'ombe. Na ile minji iliyo chini ya ubongo, kwa vile hakuna anayerudi kuiambia imetosha, inazidi kumwaga homoni yake usiku na mchana, na homoni hiyo ikizidi, inaipaka ngozi rangi.

"Naomi, uliwahi kuugua kifua ukiwa mdogo?"

"TB," akasema. "Nikiwa darasa la tano. Nilimeza dawa mpaka mwisho."

TB inaweza kupona kifuani ikiwa imeshakula tezi kimyakimya. Nikawaambia lazima waende Nakuru wakaonwe na daktari bingwa, na nikawaandikia. Joel akauliza kama wanaweza kungoja Jumamosi ipite, kwa sababu dada yake anaolewa na Naomi ndiye anayeongoza nyimbo. Nikasema hapana. Shosho akasema ndiyo. Mnajua nani alishinda.

Jumamosi mchana nilikuwa kituoni, nasikia vipaza sauti vya harusi kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha nyimbo zikakatika katikati ya ubeti. Baada ya muda pikapu ya viazi ikaingia uani ikiwa na maua ya harusi mbele na Naomi nyuma, amelazwa juu ya magunia, kichwa chake kwenye mapaja ya Joel. Tangu alfajiri alikuwa akihara. Wengi waliokula mboga za jana walihara, wakaendelea kucheza. Mwili wa mtu mwingine ungeongeza kotisoli ukavumilia. Wake haukuwa na cha kuongeza.

Alikuwa baridi, ananong'ona maneno yasiyoeleweka. Presha sikuisikia. Sukari ilikuwa imeshuka kwa kutisha. Muuguzi wangu, Zipporah, alipata mshipa mara ya kwanza, Mungu ambariki, tukaanza maji ya chumvi na glukosi kwa kasi. Katika kabati kulikuwa na chupa chache za haidrokotisoni tulizoweka kwa ajili ya watu wa pumu. Hiyo ndiyo kotisoli yenyewe, iliyotengenezwa kiwandani.

"Madam, tungoje ambulensi wamfanyie vipimo kwanza?" Zipporah akauliza. Lilikuwa swali zuri. Hakuna karatasi iliyosema ugonjwa huo ni huo. Nilikuwa na viganja tu, na picha ya harusi, na jiwe la chumvi.

"Kama nimekosea, sindano moja haitamuua," nikamwambia. "Kama niko sawa na tukingoja, atakufa."

Nilitoa damu kidogo ya kupeleka Nakuru kupimwa, kisha nikadunga. Hii ni ya kukumbuka kuliko yote niliyoandika: ukishuku, damu toa, lakini dawa usiicheleweshe kwa sababu ya majibu.

Tulisimama pale. Shosho alikuwa mlangoni na gauni lake la kwendea harusini, kofia imepinda. Dripu ya pili ilikuwa inakaribia kwisha niliposikia mapigo mkononi, madogo lakini yapo. Kisha mkono ukaanza kupata joto. Kisha Naomi akafungua macho, akaangalia dari, akamwangalia mumewe.

"Keki wameshakata?"

Joel alitoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya tangi la maji, na niliporudi kutoka kuipigia ambulensi simu tena nilimkuta anajifuta uso kwa tai.

Nakuru walithibitisha. Daktari bingwa alimweka kwenye vidonge, vya kumeza kila siku maisha yote, na akampa kadi ya kubeba popote. Masharti ni machache. Usiruke siku. Ukipata homa, ongeza mara mbili, kwa sababu mwili wako hauwezi kujiongezea wenyewe. Ukitapika na vidonge havikai, kimbilia sindano. Baada ya miezi miwili niliona mwanamke wa kwenye picha akirudi, rangi ikifunguka polepole kuanzia usoni. Alinenepa, akarudi kuongoza nyimbo, na ng'ombe wakaachiwa chumvi yao.

Taabu iliyobaki ilikuwa Shosho. Alimpenda yule msichana, lakini vidonge vya kila siku vilimkera. Kila nilipokutana naye sokoni alisema hivi:

"Daktari, mtu akipona anaacha dawa. Huyu amepona. Si umuachishe?"

"Shosho, amepona kwa sababu anameza."

"Basi hajapona."

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka mboga zinyauke. Mara moja alizificha dawa hizo kabisa kwa ajili ya wiki ya maombi. Joel, yule mpole wa maneno machache, aligeuza nyumba juu chini akazipata ndani ya debe la unga wa mahindi. Niliambiwa na majirani kwamba siku hiyo aliinua sauti kwa mara ya kwanza maishani, na mbwa wa pale nyumbani walikimbia wakidhani ni mgeni.

Kisha Naomi akashika mimba. Tulipanga ajifungulie Nakuru, kwenye wataalamu, kwa sababu hakuna mtihani wa kotisoli kama uchungu wa kuzaa. Lakini mtoto hakuhudhuria mkutano wa mipango. Alianza safari wiki kadhaa mapema, siku ambayo barabara ilikuwa matope matupu na trekta lenyewe lilikuwa limekwama. Joel na Shosho walimleta kituoni asubuhi, wamemshika huku na huku. Zipporah alikuwa likizo. Zamu ilikuwa ya muuguzi mgeni kabisa, kijana mmoja aliyeitwa Brayo, ambaye hakuwahi kumwona Naomi. Nilikuwa chumba cha pili nashona mtu kichwa, na niliisikia sauti ya Naomi kupitia ukutani, sauti ile ya kuongoza kwaya.

"Boss, usinipime chochote! Soma kadi! Sindano yangu kwanza!"

"Mathe, relax, wacha nikuandikishe..."

"Sitaandikishwa nikiwa maiti! Sindano!"

Niliacha uzi ukining'inia kichwani mwa yule mtu na kukimbia. Nilipofika, Brayo alikuwa tayari amesoma kadi, amebadilika uso, anavuta haidrokotisoni kwenye sindano. Alidunga vizuri kuliko nilivyodunga mimi siku yangu ya nyuki. Tukaweka dripu. Kila baada ya saa chache tukarudia dawa, tukampa mwili wake kwa mkono kile ambacho wanawake wengine hujipa wenyewe bila kujua. Nilipima presha mpaka Naomi akaniambia nimuachie mkono anauhitaji. Ilikaa. Ilikaa asubuhi yote, na mchana akazaliwa msichana mdogo, mwenye hasira, aliyelia kabla hatujamgusa.

Barabara ilipokauka tuliwatuma wote wawili Nakuru kuangaliwa, na walirudi wazima. Lakini alasiri ile, kabla hawajaondoka, Shosho aliketi kando ya kitanda na mjukuu wake mikononi, amemfunga kwa shuka mbili na sweta yake mwenyewe juu. Alimtazama mtoto. Kisha akamtazama Naomi, aliyekuwa anameza vidonge vyake na uji.

"Daktari," akaniambia, na safari hii hakuwa na mwavuli wala ubishi. "Hizo dawa atameza mpaka lini?"

"Mpaka azeeke kukushinda wewe, Shosho."

Alimsogezea Naomi kikombe cha maji kwa mkono uliobaki.

"Basi meza, mama," akasema. "Meza zote."